Kilemba Kimoja cha Mize

Hapo zamani, si zamani za mababu, zamani za juzi tu, Wete palikuwa na karani wa zahanati akiitwa Mize. Roho ilimuuma: watoto walikosa chanjo kwa kuwa mama zao walisahau tarehe. Akaapa kujifunza kuandika programu ya kuwakumbusha kwa simu.

Yeye na jirani yake, Riziki, wakaenda kwa Bi Shemsa, mwalimu wa kompyuta. Bi Shemsa hana utani. "Hii variabo. Hii fankisheni. Hii lupu. Dunia nzima husema hivyo." Riziki alibaki, akayakariri yote. Mize siku ya tatu alikimbia.

Akaenda kwa Maalim Faki, naye akifundisha kazi hiyohiyo kwa njia yake. "Mwanangu, huu mtungi, unatia kitu, unatoa kitu. Haya mapishi, unayaandika mara moja, unayapika kila siku. Hii kata, inachota na kurudi hadi mtungi ujae." Mize akaelewa, jamani! Mwezi wa nne programu ikafanya kazi, na akina mama wakaja.

Hata siku moja, kesho yake ni chanjo, programu ikakwama. Maalim akaitazama, akashindwa. Mize akawaandikia mafundi wa mtandaoni: "Kata yangu inachota bila kukoma, mtungi haujai."

Wakamjibu: "Bibi, hapa si kwa wafinyanzi."

Mize akalia. Riziki akaja, akasikiliza, akachukua chaki. Juu ya mtungi wa maji akaandika "variabo". Juu ya kata, "lupu". "Shoga, andika tena."

"Lupu yangu haikomi, variabo haibadiliki." Kabla chai haijapoa, jibu likaja, na programu ikatengenea. Asubuhi foleni ya watoto ilifika barabarani.

Sasa, mila ya kwao, aliyehitimu humtunza kilemba aliyemfunza. Mize alikuwa nacho kimoja, alichodarizi marehemu mama yake.

Maalim Faki akasema, "Nani alimtoa hofu? Bila mimi angekuwa anakimbia hadi leo."

Bi Shemsa akasema, "Na mitungi yako ikamwacha bubu mbele ya wenziwe. Maneno yaliyomwokoa ni yangu."

Riziki akasema kwa sauti ndogo, "Mimi sikufundisha. Nilikuwa na majina nisiyoyajua maana, yeye alikuwa na maana zisizo na majina. Nilileta chaki tu."

Kilemba hakikatwi vipande. Mize amekikunjua, vichwa vitatu viko mbele yake.

Haya, nyinyi mliokaa kitako mkinisikiliza: amvishe nani?