Tangi Halisemi, Uliza Bomba Lake

"Tangi halisemi, uliza bomba lake." Ndivyo mwenyekiti wa kwaya alivyowajibu asubuhi hii, mlipomwambia kwamba Mama Gwamaka atawalaza wageni wetu kwa sababu jirani yake amesema hana neno. Nikawaona mnatazamana. Vijana wa siku hizi mnaijua simu kuliko methali. Lakini mmeuliza, na viazi hivi bado ni vingi, kwa hiyo endeleeni kumenya niwaeleze. Methali hii chimbuko lake ni hili.

Dada yangu Rahabu aliolewa na Ambakisye Mwakalinga, mtu mwema, mbishi, na mpenda magari kupita kiasi. Alinunua basi kuukuu, akang'oa viti, akaweka kitanda, jiko, kibafu na tangi la umeme la kuchemshia maji, awakodishie watalii wanaokwenda Kitulo kuona maua. Watu wakaliita gari-nyumba. Tatizo lake lilikuwa mlima. Likianza tu kuupanda Uporoto linakohoa mpaka abiria wanalionea huruma. Ndipo Ambakisye akajiwekea desturi: kabla ya mlima anamwaga maji yote, yale ya tangi la juu la maji baridi na yale ya tangi la moto, ili gari liwe jepesi. Akishamwaga, anafunga koki inayopeleka maji kwenye tangi la moto, na kule juu anajaza upya. Watu walimcheka, lakini gari lilipanda.

Mwaka mmoja wa mvua nyingi, mkwe wao Tusekile alijifungua salama mtoto wa kwanza huko Mbeya. Mumewe, Lutengano, alikuwa kazini Tunduma, na gari la kumrudisha mzazi nyumbani halikupatikana ila hilo hilo la baba mkwe. Hapo palikuwa na kazi. Sisi Wanyakyusa, kwa mila ya zamani, mwanamke hamtazami baba mkwe wake, hasemi naye, wala hatoi sauti mahali baba mkwe atakapoisikia. Wengi wameiacha mila hiyo, ila nyumba ya Ambakisye ilikuwa haijaiacha. Rahabu akashona kanga mbili zikawa pazia nyuma ya kiti cha dereva. Baba mkwe mbele, mkwe nyuma kitandani na kichanga chake, na Rahabu katikati akiwa mpaka wa nchi mbili.

Pale Uyole Ambakisye akasimama, akamwaga maji yake kama kawaida; ile koki alikuwa ameshaifunga Mbeya, kabla mkwe hajapanda. Rahabu hakuwepo garini wakati huo, alikuwa ameshuka kununua sabuni. Aliporudi wakaondoka.

Walipofika Isyonje wakakuta udongo umeporomoka na kuifunga barabara. Ilikuwa mchana, lakini ukungu ulishuka mpaka taa za magari zikawashwa. Kanisa moja la hapo likawapa nafasi uani, na katekista akawavutia waya wa umeme kutoka ofisini. Ambakisye akajaza tangi la juu kwa mpira wa maji. Alikuwa anataka kumwita Rahabu aifungue ile koki ya tangi la moto, maana iko ndani, chini ya kitanda cha mkwe, mara akaona pazia linachezacheza: mkwe anataka kushuka kwenda chooni! Mzee akajifunika uso kwa koti akakimbilia kwa katekista. Heshima ikaokolewa, koki ikasahauliwa.

Rahabu hakujua lolote kati ya hayo. Alichokijua ni kwamba Tusekile amerudi kitandani anatetemeka, midomo imekauka, na hasemi neno. Mzazi mbichi hukandwa kwa maji ya moto, tena yasikose hata siku moja. Gesi ya jikoni ilikuwa imeishia Mbeya, na kuni za kanisa zilikuwa zimelowa chepechepe. Lililobaki ni tangi la umeme. Rahabu aliogopa, nawaambia kweli. Alikuwa amewahi kumzika mdogo wetu aliyeshikwa na baridi ya uzazi, na tangu Uyole alikuwa akimwona huyo marehemu katika uso wa mkwe wake.

Akafungua bomba la buluu jikoni, maji yakatoka kwa nguvu. Akasuuza vikombe. "Maji yapo," akasema, akanyoosha mkono kwenye swichi.

Kule kwa katekista, Ambakisye alikuwa ameshika kikombe cha chai. Katekista akamuuliza, kwa mazungumzo tu, gari linabeba maji kiasi gani. Mzee akakiacha kikombe mezani, akatoka mbio kwenye matope. Akafika mlangoni pa gari, na hapo mila ikamshika miguu: mkwe yuko ndani! Akageuka, akaupa mlango mgongo, akapiga kelele kuelekea kanisani.

"Mama Lutengano! Usiwashe! Usiwashe tangi!"

"Kwa nini nisiwashe? Mtoto wa watu anakufa kwa baridi!"

"Halina maji!"

"Baba Lutengano, maji yapo. Nimesuuza vikombe sasa hivi."

"Kwa bomba lipi?"

"Si hili la buluu!"

"Hilo ni la baridi, linasema habari za tangi la juu! Fungua jekundu!"

"Tangi lenyewe nimeligonga, halijasema kitu."

"Tangi halisemi, mwanamke! Uliza bomba lake!"

Rahabu akafungua bomba jekundu. Likatoa pumzi ndefu, fyuuu, likakohoa, likanyamaza. Hakuna hata tone. Akauondoa mkono kwenye swichi. Alikuwa hajaibonyeza. Fundi aliyelifunga tangi lile alikuwa amewaonya: koili ya umeme ikiwashwa pakavu inaungua, na mbao za kitanda zimekaa juu yake pale pale. Juu ya mbao zile walikuwa wamelala Tusekile na mtoto.

"Ndaga, asante Mungu wangu," akasema, akakaa chini sakafuni.

Mzee akamwelekeza akiwa bado ameupa mlango mgongo, mvua inamnyeshea. Fungua koki chini ya kitanda. Acha bomba jekundu wazi. Litapiga chafya, usilijali. Subiri mpaka maji yatoke mfululizo bila kukohoa, ndipo ufunge bomba, ndipo uwashe. Rahabu akafanya hivyo, na maji yalipotiririka sawasawa akacheka peke yake kama aliyempata mtoto wake aliyepotea sokoni. Akabonyeza swichi. Baadaye maji yakapata moto, akayapunguza kwa ya baridi, akayapima kwa kiwiko.

Alipochovya kitambaa, wazo likamjia. Akamtazama mkwe wake.

"Mwanangu, wewe ulikuwa garini pale Uyole. Ulijua kwamba tangi ni tupu?"

Tusekile akainamisha uso. "Nilisikia yakimwagwa, mama," akanong'ona. "Nilitaka kukwambia ulipofungua bomba. Nikasikia baba anakuja, nikaogopa asije akanisikia."

Rahabu akakaa kitandani kando yake. Njia nzima watu wazima walikuwa wamemsemea: anaona baridi, amechoka, ana usingizi, aachwe tu. Hata mmoja hakumuuliza mwenyewe.

"Haya, mzee nimeshamfukuza, amerudi kwenye chai yake. Nini kingine unakijua na hujakisema?"

"Njaa, mama," Tusekile akasema, machozi yakamtoka. "Sijala tangu jana jioni."

Pale miguuni pao palikuwa na hotpoti ya ndizi na nyama, Rahabu ameibana kwa kitenge ili mzazi ale vizuri akifika nyumbani. Imesafiri safari nzima, imefungwa! Dada yangu alicheka mpaka akalia. Akaifungua, akamlisha kwa mkono wake tonge baada ya tonge, na kutetemeka kule kukaisha hata kabla ya kitambaa cha moto kumgusa. Kisha ndipo akamkanda, taratibu, akimuuliza kila mahali: hapa je? Na hapa?

Yule kichanga ndiye mwenyekiti wenu wa kwaya. Amekuzwa na methali hiyo, msimlaumu akiwatupia. Sasa wekeni visu chini, viazi nitamalizia mimi. Nendeni kwa Mama Gwamaka, si kwa jirani yake, mkapige hodi mumuulize yeye mwenyewe. Tangi halisemi, wanangu. Uliza bomba lake.