Mbuni Aliyejiangusha Barabarani

Mfikirieni kijana mmoja, wapendwa, mwenye digrii moja na hasira za watu kumi. Mwaka wa nne anatafuta kazi. Siku hiyo ameitwa kwenye usaili saa tano, na baba yake, mfugaji wa mbuzi, anampeleka kwa pikapu ya kuazima, wakikata nyika kame ambako mti hauoni mwenzake.

"Leo unabaki kwenye gari," kijana akasema. "Juzi ulinitia aibu. Bosi umri wa kuzaliwa na wewe, halafu unamwinamia, 'mheshimiwa, msaidie mwanangu.' Seriously, baba?"

Baba akabadilisha gia. Ninyi wazazi mngemjibu nini?

Mara, breki! Mbuni dume yuko katikati ya barabara, na nyuma yake vifaranga kumi na wawili wanatembea kama wana harusi. Kijana akabonyeza honi, akashuka, akapiga makofi. "Tokeni! Nyie mna kazi tayari?"

Yule dume, ndege ambaye teke lake fisi analiheshimu, akaanguka. Akainuka akichechemea, akaburuta bawa vumbini, akaanguka tena, safari hii kando ya barabara.

"Mungu wangu, tumemvunja!" Kijana akamkimbilia. Hatua thelathini, arobaini, na kila akikaribia, ndege anajikokota mbele kidogo.

"Rudi, mwanangu," baba akaita. "Huyo ni mzima kuliko wewe. Anajidhalilisha ili umtazame yeye, watoto wake wapite."

Kijana akageuka. Barabara ilikuwa tupu. Vifaranga wote wamekwisha kuzama vichakani. Alipomtazama tena dume, amesimama wima, amejikung'uta, anaondoka zake.

Kijana alifunga mlango wa gari polepole. Wakafika kwenye geti la ofisi ya usaili.

"Baba, shuka. Tuingie wote."

"Nitakuaibisha tena."

"Niaibishe, baba."

Naona midomo inawawasha: kazi aliipata? Ndivyo tulivyo sisi! Tunauliza habari za kazi. Hatuulizi ni nani aliyejiangusha vumbini ili sisi tuvuke, tena tukamcheka, tukadhani amevunjika. Hata wewe, mama, unayeitikia amina kwa sauti kubwa, yuko mtu umemwambia abaki kwenye gari.

Ibada ikiisha, msipange foleni kunipa mkono. Nendeni mkamfungulie mlango.