Mtumba Ulionusurika na Moto

Sogeeni, na mwenye usingizi akanawe uso. Kesi hii imenishinda, naileta kwenu.

Enzi za Sultani walikuwako majirani watatu waliolima tumbaku milimani. Kihiyo alikuwa na pua: alinusa jani akakwambia lina ukungu kabla jicho halijauona. Salehe alikuwa na mdomo, angeweza kumchelewesha bwana harusi mlangoni mwa mkewe. Na Mwantumu, mjane wa watoto wawili, alikuwa na mikono. Mtumba wa majani aliofunga yeye haukulegea hata ukiporomoka mlima mzima.

Mwaka ule mvua iligoma, mahindi yakafia shambani. Ilibaki tumbaku ya msimu uliopita. Wakaishusha pwani, wakaiweka pamoja katika ghala moja kumngoja mkaguzi wa serikali, maana bila muhuri wake hakuna aliyethubutu kununua.

Majani makavu huvunjika, kwa hiyo hunyunyiziwa maji kidogo. Kihiyo akanyunyizia, akidhani wenzake wamesahau. Salehe naye akanyunyizia, akidhani vivyo hivyo. Mwantumu naye. Hakuna aliyemuuliza mwenzake!

Siku ya ukaguzi walifungua mlango, harufu ya uozo ikawapokea. Ghala la jirani lilikuwa tayari linafuka moshi, kwani mkaguzi alichoma kila mtumba wenye ukungu. Mwantumu aliwakumbuka wanawe.

"Tumekwisha," alisema.

"Bado, dada," Kihiyo akajibu. "Fungua mitumba."

Kihiyo akapiga magoti, akanusa jani moja moja hadi machozi yakamtoka, mazima akimrushia Mwantumu.

Mwantumu akayapanga, akayakunja, akayafunga mtumba mmoja, akakaza kamba mpaka viganja vikachanika. Hakusikia maumivu, alisikia hofu tu.

Nje, Salehe alimdaka mkaguzi. "Shikamoo, bwana mkubwa! Watoto hawajambo? Mama je? Na babu?"

"Babu alishafariki."

Basi Salehe akaangua kilio, akamlilia babu asiyemjua, hata mkaguzi akaanza kumbembeleza yeye.

Mwishowe mkaguzi aliingia. Akachoma bambo, kile chuma cha kutobolea magunia, katikati ya mtumba, akalichomoa, akanusa.

"Huu safi," alisema, akagonga muhuri. Iliyobaki yote ikaenda motoni.

Mtumba ule mmoja ukawapatia gunia moja la mtama. Gunia la kuifikisha nyumba moja kwenye mavuno, basi.

"Tugawane," Salehe alisema.

"Tugawane njaa?" Kihiyo akauliza. "Tukiligawa, nyumba zote tatu zitaishia njiani. Na bila pua yangu, mngefunga uozo."

"Bila mdomo wangu, angewakuta mmeukalia huo uozo."

Mwantumu akafunua viganja vyake vyenye damu.

Kwa Kihiyo kulikuwa na mama asiyeinuka kitandani. Kwa Salehe, mke aliyejifungua juzi, maziwa yamekauka. Kwa Mwantumu, watoto walioambiwa mama kafuata chakula.



"Amua wewe, dada," Kihiyo alisema hatimaye. "Utakalosema tutalifuata."

Mwantumu akaweka mkono juu ya gunia, akalia kwa sauti. Alitamani wangemnyang'anya tu, yaishe.

Haya, wasikilizaji. Mkono wake ungali juu ya gunia, na mlima unawangoja. Je, wewe ungempa nani? Na jibu hilo, ungeweza kwenda kulisema mlangoni mwa wale wawili waliokosa?