Sifia Chai Ukishaimeza

Sifia chai ukishaimeza. Mmeisikia leo, Lugano alipokuwa akiimwagia sifa baiskeli ambayo hajaipanda hata mara moja, mama yake akamtupia methali hiyo, nanyi mkabaki mnatazamana. Sasa mnaniuliza imetoka wapi. Haikutoka mbali. Ilizaliwa huku huku kwetu Rungwe, katika jiko la Bi Tusekile, na watu wawili waliteseka majuma matatu ndipo ikazaliwa.

Bi Tusekile alikuwa mama mwenye moyo mweupe na ulimi wa upupu. Alipenda vitu vitatu: kanisa, mwanawe wa pekee Ambilikile, na chai ya asubuhi, na siku za baridi chai ilipanda ikawa ya kwanza. Chai yake ilikuwa ya maziwa na tangawizi, iliyochemka mpaka ikawa nyekundu kama udongo wa barabara yetu. Mkamwana wake wa kwanza alimpikia nyepesi. Bi Tusekile akaionja na kusema, mbele ya wageni, kwamba hayo ni maji ya kuoshea vikombe. Maneno mengine yakafuata, na kabla mwaka haujaisha yule binti alifunga nguo zake akarudi kwao.

Ambilikile alipooa tena, kabla ya kurudi kazini Mbeya alimketisha mama yake. "Mama, nakuomba kitu kimoja tu. Huyu Bupe usimwambie neno baya. Akiondoka kwa sababu ya ulimi wako, mimi sioi tena, na wajukuu utawaona kwa jirani."

Maneno hayo yalimwingia Bi Tusekile. Aliogopa kweli. Akaapa moyoni kwamba chochote atakachoandaliwa na Bupe, hata yawe mawe, atakisifu.

Sasa Bupe alikuja na zawadi kutoka kwao, kopo la majani ya chai lenye ukubwa wa ndoo ndogo. Kaka yake alikuwa mpishi katika kambi ya mafundi wa Kichina wanaojenga barabara, nao walimpa kopo hilo kwa ajili ya harusi ya dada yake. Majani yenyewe hayakufanana na ya kwetu. Yalikuwa yamesokotwa vidonge vigumu vya kijani, kama choo cha mbuzi kilichokauka. Bupe hakuwahi kuyaonja, lakini alijiambia kuwa chai ni chai. Akafanya kama alivyofundishwa na mama yake: maji na maziwa sufuriani, tangawizi ya kupondwa, kisha kiganja kizima cha majani, akafunika na kuchochea moto.

Vile vidonge vikaanza kufunguka. Kila kimoja kilitoa jani zima na kikonyo chake, yakajaa sufuria, yakanyanyua mfuniko na kuchungulia nje. Bupe akayashindilia kwa mwiko na kuyachemsha nusu saa nzima ili yaive.

Kilichomiminwa kikombeni kilikuwa na rangi ya maji yaliyochemshiwa majani ya maboga. Bi Tusekile alikiona, akakumbuka kiapo, akainua kikombe. Kabla hakijafika mdomoni akasema, "Bupe mwanangu, chai nzuri sana hii. Tangu nizaliwe sijanywa chai kama hii."

Ndipo akapiga funda. Uchungu ulimshika ulimi, ukateremka kooni, ukamfikia masikioni. Akatabasamu huku machozi yakimlengalenga, na Bupe akadhani ni machozi ya furaha.

Kesho yake akapikiwa tena, na keshokutwa. Siku ya tano Bupe akamwambia, "Mama, kwa kuwa umeipenda, nimempigia kaka simu. Atatuletea mfuko mzima." Bi Tusekile akashukuru. Angefanyaje? Sifa alikwisha kuzitoa.

Juma la pili alikuwa amekonda, na kichwa kilimgonga kwa kukosa chai yake. Akabuni njia. Kila asubuhi, akimaliza kikombe chake cha adhabu, alichukua kikapu akaaga kwamba anakwenda kuchuma majani ya maboga, kumbe anazunguka nyuma ya migomba hadi kwa jirani yake, Mama Ipyana, aliyepika chai inayoeleweka. Alikunywa vikombe viwili, akafuta mdomo, akarudi. Mama Ipyana alimkaribisha vizuri, ila alimsisitizia jambo moja: aje saa mbili, asifike saa tatu. Bi Tusekile hakuuliza kwa nini.

Asubuhi moja mvua ilimchelewesha. Alifika saa tatu, akasukuma mlango wa jiko bila hodi, na kumkuta Bupe ameketi juu ya kigoda, kikombe cha chai ya maziwa mkononi. Mama Ipyana akageukia moto, mabega yakimtikisika.

"Bupe," Bi Tusekile akasema, "si umesema unakwenda kisimani?"

"Nawe mama si ulisema unakwenda kuchuma majani ya maboga?"

Bi Tusekile akatua kikapu chini. "Kwa nini unakunywa chai ya watu, na kwetu ipo?"

Bupe akainamisha kichwa. "Nisamehe, mama. Ile siiwezi. Siku ya kwanza niliionja baada yako, nikaitapika nyuma ya jiko. Lakini niliambiwa mwenzangu aliondoka kwa sababu ya chai. Nikaona kwa kuwa hii unaipenda, nikiacha kuipika utanifukuza."

Bi Tusekile akakaa chini taratibu. "Nani amekuambia naipenda?"

"Wewe mwenyewe, mama. Kabla hujaimeza."

Mama Ipyana alicheka mpaka akashika nguzo. Bi Tusekile aliona aibu, kisha akamwonea huruma yule binti, kisha naye kicheko kikamshinda. "Mwanangu," akasema, "nami nimeinywa majuma matatu nikiogopa utaniacha."

Mama Ipyana aliwahi kufanya kazi kiwandani, katika chumba cha kuonjea chai. Akaagiza kopo liletwe. Akatia vidonge vichache birikani, akavimwagia maji ya moto tu, bila maziwa, akamimina baada ya muda mfupi. Bi Tusekile akanywa, akameza, akanywa tena.

"Si mbaya," akasema. "Ila ni chai ya mtu ambaye amekwisha kunywa chai."

Jumamosi Ambilikile akaja, ule mfuko wa majani ulioahidiwa na shemeji yake begani. Bi Tusekile na Bupe wakakonyezana, wakampikia ile ya nusu saa, kwa maziwa na tangawizi. Naye, akitaka kumwonyesha mama yake jinsi mke anavyotunzwa, akainua kikombe na kuanza, "Mke wangu, chai hii kwa kweli..."

Bi Tusekile akamshika mkono.

"Baba," akasema, na Bupe akamalizia pamoja naye, "sifia chai ukishaimeza."

Akaimeza. Sifa zenyewe zinasubiriwa mpaka leo.