Sarafu Nyeusi ya Mama Kanga

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni, wakubwa kwa wadogo, mnisikie. Hapo zamani za kale, zama ambazo wanyama walikuwa na gulio lao, palikuwa na Mama Kanga, mjane mwenye vifaranga saba. Mwaka huo mvua iligoma. Nyasi zikakauka. Mbegu zikaisha. Mama Kanga akawa anachakura tangu asubuhi hadi jioni, chaku! chaku! na vifaranga wako nyuma yake, "Mama, njaa! Mama, njaa!"

Siku moja alikuwa akichakura chini ya ukuta wa gofu. Chaku! chaku! Ukucha ukagonga kitu. Akakifukua. Kilikuwa cha duara, cheusi, kina maandishi asiyoweza kuyasoma.

"Hii ni sarafu," akasema moyoni. "Lakini thamani yake nini?"

Akaibeba mdomoni mpaka gulioni. Wa kwanza kumwona akawa Kunguru, mchuuzi wa nafaka.

"Shemeji, umebeba nini?"

"Sarafu, Bwana Kunguru. Sijui thamani yake."

Kunguru akaigeuza, akaigeuza tena. "Pole, shemeji. Hili ni bati. Lakini nawaonea huruma hao watoto. Chukua kibaba cha pumba."

Mama Kanga akawatazama vifaranga. Kibaba cha pumba ni chakula cha siku mbili! Akanyoosha mguu apokee. Hapo akaona kitu: mdomo wa Kunguru unasema bati, lakini jicho lake halibanduki kwenye sarafu.

"Ngoja kwanza," akasema, "nikaulize."

"Ukaulize nini? Ukirudi pumba huikuti! Usije ukanililia!"

Mama Kanga akaichukua sarafu yake. Je, akikosa vyote viwili? Akaenda hivyo hivyo, na vifaranga nyuma, "Mama, njaa!"

Njiani akamkuta Ngiri, jirani yake. "Kitu cheusi hivyo nani atakitaka?" akasema Ngiri. "Kisugue kwa mchanga king'ae."

Akasugua, kwaru! kwaru! Ukingo ukaanza kung'aa. Lo! Akaona ncha ya herufi moja imefutika. Akaacha palepale.

Akafika kwa Kakakuona, sonara wa gulio.

"Nani ameisugua hii?" Kakakuona akauliza.

"Mimi, bwana."

Sonara akaiweka kwenye mizani. Akaisogeza karibu na jicho.

"Shika bati hili," Kakakuona akasema. "Liangushe juu ya jiwe."

Kwach!

"Sasa angusha sarafu yako."

Tiiiing! Mlio ukaenda, ukaenda, hata vifaranga wakaacha kulia.

"Umesikia mwenyewe. Ni fedha safi, tena ya kale. Weusi ni uzee wake tu. Ungesugua maandishi yote, ningekulipa uzito wa fedha tu, si thamani ya ukale wake. Lakini umegusa ukingo tu. Haijaharibika."

Mama Kanga akakaa chini, pu!

"Nitakupa pishi arobaini za mtama, kila pishi vibaba vinne," Kakakuona akaendelea. "Ila nami naitaka, kwa hiyo usinisikilize mimi peke yangu. Kaulize na kwa Nyegere, yeye hununua pia."

Akaenda akauliza. Nyegere akasema pishi thelathini na tisa. Mama Kanga akarudi mbio kwa Kakakuona huku anacheka.

Mtama ukapimwa, shaaa! shaaa! Vifaranga wakadonoa, do! do! do! mpaka vidari vikatuna, wakasinzia papo hapo juani, wamelaliana. Mama yao akawahesabu, saba, wote. Ndipo naye akainamisha shingo, akala punje ya kwanza, polepole.

Basi wanangu, kitu usichokijua usikiuze kwa neno la anayekitaka. Uliza, uliza tena, na njaa isikuharakishe.

Ngano yangu inakomea hapo. Mwenye masikio aondoke nayo.