Moto wa Hamamu ya Wakfu

Wametusimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika mji mmoja wa milimani, wenye baridi ya kutesa, aliishi mcha Mungu aitwaye Mundhir. Baba yake alimwachia hamamu ya wakfu, waumini waoge maji ya moto bila malipo, na akamuusia moto wake usizimike. Mji ulipokua, Mundhir akajenga hamamu ya pili, kisha ya tatu. Watu wakawa wanamwombea dua kila kona.

Lakini msitu uliisha polepole. Kuni zikatoka mbali, tena mbali zaidi, na kadiri alivyoongeza ngamia ndivyo mizigo ilivyofika myepesi. Mundhir akakosa raha. Hata akiwa kwenye sijda, moyo wake ulikuwa tanurini. Mwishowe akamtuhumu Qudama, kiongozi wa msafara, kwamba anauza kuni njiani.

"Wallahi sijauza hata kijiti, bwana wangu," akasema Qudama. "Njia ndiyo inayozila."

Hakumwamini. Akafuatana naye ili amkamate. Walipokuwa wakirudi na mizigo, baridi ikawabana mlimani. Wakawasha moto wa kupikia, wa kuota, na wa kufukuza fisi. Mundhir akitetemeka akasema, "Ongezeni kuni!" Wakaongeza. Akasema tena. Qudama akachomoa gogo jingine kwenye shehena ya ngamia. Ndipo Mundhir alipotazama akaona nusu ya mzigo imeteketea, na mwizi aliyekuja kumkamata ni yeye mwenyewe.

Akamwomba Qudama radhi mbele ya wote. Lililobaki, kuwaambia watu wa mji ukweli, lilimtisha zaidi, maana angeitwa mtoto aliyezima moto wa baba yake. Hata hivyo, Ijumaa baada ya sala, alisimama.

"Enyi waja wa Mungu, tunachoma kuni ili tulete kuni. Hamamu mbili nazifunga. Moja itawashwa Alhamisi tu, kwa wagonjwa na wazee, kwa matawi ya bustani zetu."

"Baba yako hakuuzima moto huu!" akafoka mzee mmoja.

"Baba yangu, mzee wangu, aliukuta msitu mlangoni," akajibu, machozi yakimlengalenga.

Alfajiri iliyofuata, kabla ya sala, akatangulia kujimwagia maji baridi, watu wakimtazama. Akapiga ukelele, kisha akacheka. Yule mzee akavua kilemba chake.

"Sogea basi," akanung'unika, "usiyamalize."

Ndugu zangu, ni rahisi kumsaka mwizi kuliko kukiri kwamba kitu kimepungua. Hatukusimuliwa kama mzee yule alipata mafua. Tumesimuliwa kwamba sala ya alfajiri ilisaliwa kwa wakati wake.