Machungwa ya Semkiwa

Funza hangoji arobaini. Mwantumu kasema atakwenda kupatana na dadake baada ya Idi, nami nikamjibu hivyo tu, mara mmeacha kumenya mihogo mnanikodolea macho! Haya, mmeuliza, mtasikia. Methali hii ilianza hivi, na wa kwanza kuambiwa ni mimi.

Kaka yangu Semkiwa alikuwa na shamba la michungwa hapa Muheza. Kila asubuhi aliokota machungwa yaliyoanguka, akayafukia kwenye shimo linalofika magotini. "Ndani mna funza," alikuwa akisema. "Ukiyaacha chini, funza anaingia udongoni, anatoka nzi, anarudi kutoboa yaliyo juu." Tulimcheka. Mwanamume mzima anazika machungwa!

Akafa machungwa yakianza kuiva. Desturi ya ukoo wetu ilikuwa hivi: shamba la marehemu halikanyagwi mpaka arobaini ipite. Mkewe, Tunu, alikuwa ndani ya eda. Siku ya nane akaniita.

"Wifi, nasikia yanavyoanguka. Mtume mtu akayafukie. Sina mtoto, sina kingine cha kuniweka hapa ila michungwa hiyo."

"Udongo wa kaburi la mumeo haujakauka, nawe wawaza machungwa? Huna haya?"

"Ndiye aliyenifundisha, wifi."

"Ngoja arobaini!"

Masikini Tunu, hakuniomba tena.

Tulipoingia shambani, chini kulikuwa kumeoza na nzi wanavuma. Juu machungwa yaling'aa, nikafurahi, mjinga mimi. Mnunuzi akapasua la kwanza: funza. La pili: funza. La tano akafuta kisu, akapanda lori lake. Tukafukia mchana kutwa. Wapi! Nzi walishajaa shamba zima.

Eda ilipokwisha, Tunu akafunga mizigo arudi kwa kaka zake Handeni. Mlangoni nikamwambia, "Nilikuwa naheshimu msiba, wifi."

Akanishika mkono. "Na mimi niliuheshimu, nikangoja. Lakini funza hangoji arobaini."

Michungwa ikakatwa, ikachomwa mkaa. Moyo uliniuma. Nikasema nitamfuata nimwombe radhi, tukishavuna mahindi, mvua zikipungua, mwakani. Nikaletewa habari kwamba amezikwa.

Mwantumu, weka kisu hicho, mwanangu. Mihogo tutamenya sisi. Nenda kwa dadako leo. Funza hangoji arobaini.